Goti Langu na Injini ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Nimedhalilishwa leo. Nilikuwa napanda kilima cha hospitali huku nakokota baiskeli, kwa sababu goti la kulia liliamka na mgomo, na Taratibu akanipita. Akiwa juu ya baiskeli. Anakanyaga! Mtu mwenye wajukuu sita! Akanipungia mkono, akasema pole, mdogo wangu. Pole ya nini? Nani amefiwa?

Taratibu ni mnoa visu kama mimi. Mji mzima una wanoaji wawili wa baiskeli, na mmoja amezidi. Watu wanamwita hivyo kwa sababu hilo ndilo neno analolisema kabla ya kufanya jambo lolote, hata kupiga chafya.

Sote wawili tuliitwa na jiko la hospitali. Wanataka mnoaji wa kudumu: visu arobaini na mapanga mawili kila wiki. Chini ya paa! Hakuna kuzunguka mitaani na kengele, hakuna vilima siku sita. Mpishi mkuu, mama mpana mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alitukalisha benchi moja kama washtakiwa. Akasema Jumamosi asubuhi tuje na baiskeli zetu, kila mtu atapewa visu kumi, yeye atatazama.

Kwa mwingine hiyo ni kazi tu. Kwangu mimi ni goti. Jiwe langu linazungushwa na miguu: naegesha baiskeli kwenye stendi, nakalia tandiko, nakanyaga pedali, mkanda unatoka gurudumu la nyuma na kulizungusha jiwe mbele yangu. Daktari ameniambia goti lililobaki ni la kwenda dukani na kurudi, si la kukanyaga jiwe kutwa nzima. Nikiikosa kazi ya paa, sijui mwakani nitakula nini.

Mke wangu sijamwambia. Nimemwambia daktari amenisifu.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Nimepata! Nimepata!

Nilikwenda kwa mama mkwe kumtilia jembe mpini, kazi ya bure, kama ilivyo desturi ya wakwe kunitumia. Nyuma ya nyumba ana bustani ya mboga, matuta kumi na manne, na kisima. Kando ya kisima kuna pampu. Kwenye pampu kuna injini. Ndogo, nyekundu, ukubwa wa kuku anayeatamia. Mama mkwe akavuta kamba mara moja. Ikakohoa, ikanguruma, maji yakapanda kutoka shimoni bila mtu yeyote kukunja goti.

Bila mtu kukunja goti! Nilisimama pale na mpini mkononi mpaka akaniuliza kama naumwa.

Wazo ni jepesi mpaka linaudhi. Injini inafungwa kwenye keria, nyuma ya tandiko. Mkanda unakwenda gurudumu la nyuma. Barabarani, baiskeli inajiendesha. Kwenye stendi, jiwe linajizungusha, mimi nashika kisu tu kama mtu wa heshima zake. Taratibu atakuwa kwenye kisu cha pili, mimi nimemaliza kumi na kunawa mikono.

Nikamwambia mama mkwe injini yake ina mlio mbaya. Akasema ndio mlio wake tangu ainunue. Nikasema hapo ndipo penye ubaya, mtu huzoea. Niipeleke kwa fundi ikasafishwe koo, siku mbili tu. Akanitazama kuanzia unyayo hadi utosi, akasema haya mwanangu, ila jua ni kali na mboga hazina subira. Ameniita mwanangu! Miaka kumi na tisa ya ndoa, hii ni mara ya tatu.

Wala si uongo. Kwa fundi naipeleka kweli. Habari za koo tutaona huko huko.

Nilifungua skrubu nne, nikakata waya mmoja uliokuwa unanizuia, nikaondoka.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Watu hawapendi kumwona mwenzao anaendelea! Fundi wa kuchomelea vyuma aliizunguka baiskeli mara tatu, anakuna kidevu. Akasema hii ni injini ya kupandisha maji, si ya kubeba mtu mzima na jiwe. Nikamwambia yeye achomelee, kufikiri aniachie mimi. Akachomelea, lakini kwa uso wa mtu anayeandaa jeneza.

Alipomaliza akauliza inazimwa wapi. Tukatafuta. Waya ule niliokata ulikuwa wa swichi ya kuzimia, na swichi imebaki kwa mama mkwe kwenye fremu ya pampu. Sasa nauliza, ni mtengenezaji gani mwenye akili anayeweka swichi mbali na injini? Mambo ya kutofikiria wateja haya!

Fundi akashauri nikaichukue. Nirudi kwa mama mkwe kufanya nini, kumweleza? Basi, akasema, itazimika petroli ikiisha. Sawa. Kila kitu huzimika kikiishiwa. Hata yeye.

Njiani nilikutana na Taratibu akiwa anapiga kengele mtaa wa washonaji. Aliangalia ile injini, akavua kofia, akaniambia haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ilitungwa na mtu asiye na injini.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Jaribio la kwanza. Limefaulu.

Nilikwenda kwenye uwanja wa mpira nyuma ya nyumba, saa kumi na moja jioni. Nikajaza tangi. Nikavuta kamba, nikarukia tandiko, nikaondoka. Mbio! Upepo machoni! Goti limekaa kimya kama mgeni! Nilizunguka uwanja mara mbili bila kukanyaga hata pedali moja, na majirani wakatoka nje. Nikawapungia.

Mzunguko wa tatu nikashika breki. Mpira wa breki ukatoa moshi, ukaisha. Hapo nikaelewa kwamba nimejaza tangi.

Mke wangu alitoka, akashika kiuno, akatazama mizunguko minne, akarudi ndani kupika. Alipotoka tena bado napita. Akaniuliza kwa sauti kama nitakula mezani au aniletee hapo hapo. Swali la kejeli! Nikamjibu mezani, lakini sehemu ya mwisho ya jibu niliitolea upande wa pili wa uwanja, sidhani alisikia. Mzunguko uliofuata alikuwa amesimama kwenye mstari na mkate mkononi. Nikauchukua. Mzunguko uliofuata chai, lakini chai ilitushinda sote wawili.

Majirani walikuwa wanacheka. Waache wacheke. Mwenye wivu ajinyonge.

Ilizimika yenyewe magharibi. Nilishuka nikiwa siwezi kusimama wima, lakini goti haliumi. Kilichoniuma ni kila kitu kingine.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Leo jiwe. Niliegesha kwenye stendi uani, nikavuta kamba, jiwe likageuka wingu. Huwezi hata kuona kwamba lina ukingo! Kopo langu la maji, lile linalodondoshea jiwe tone moja moja wakati wa kunoa, lilinimwagia usoni kila tone. Nikaling'oa. Maji ni ya mawe ya miguu.

Nikachukua kisu cha jikoni cha mke wangu. Cheche! Zilifika kwenye ukuta wa jirani. Sekunde chache, kazi imekwisha, na makali yametoka na rangi ya buluu nzuri sana, kama shingo ya njiwa. Miaka ishirini na miwili ya kunoa sijawahi kupata rangi hiyo.

Mke wangu akasema kisu kimeungua. Akasema hata yeye asiye mnoaji anajua chuma kikiungua hulegea, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha mwaka tuliooana. Nikamwambia mambo yamebadilika. Akakata nyanya moja vizuri. Ya pili akaikata kwa shida. Ya tatu akaiponda. Nikamwonyesha kwamba nyanya zenyewe zilikuwa zimeiva kupita kiasi. Akaweka kisu mezani polepole mno, kwa namna ambayo mtu angependa zaidi kitupwe.

Mama mkwe ametuma salamu: injini iko wapi, matuta yanakauka. Nimejibu kwamba fundi anasubiri kifaa, na kifaa kinatoka mbali. Mke wangu alikuwa anasikiliza huku anakunja nguo, na sijawahi kuona shati likikunjwa kwa nguvu vile. Akasema kesho mama hana hata fungu moja la mboga la kupeleka. Sikuuliza anapeleka wapi. Nilikuwa nafikiria mkanda.

Kabla ya kuja kuandika haya alinikanda goti kwa maji ya moto. Akamaliza, akaniambia anajua alichosema daktari, alikutana naye sokoni tangu wiki iliyopita. Nimekasirika sana. Daktari gani anatembea sokoni na magoti ya watu mdomoni? Halafu nikamshika mkono.

Kesho lazima nishinde. Kwa sababu yake yeye pia.

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Naandika nikiwa nimelala, goti juu ya mto. Nitaeleza kwa utaratibu ili ijulikane nani mwenye makosa.

Kwanza, kilima. Injini ikiwaka haizimiki, kwa hiyo nisingeweza kuiwasha nyumbani. Nililazimika kuisukuma baiskeli hadi juu, na sasa ina uzito wa injini, na tangi nimelijaza pomoni maana aibu ya kuishiwa mbele ya mpishi mkuu siitaki. Nusu ya kilima Taratibu akanipita. Pole, mdogo wangu. Tena!

Tukapangwa uani mwa jiko, karibu na kamba za kuanikia mashuka ya wagonjwa. Visu kumi kwake, visu kumi kwangu. Taratibu akatundika kopo lake, tone, tone, akaanza kukanyaga, anakileta kisu karibu na pua kana kwamba anakinusa. Mimi nikavuta kamba.

Wagonjwa wote wanaojiweza walikuja madirishani! Cheche zilipaa. Kisu cha kwanza, cha pili, cha tano. Muuguzi mmoja alipiga makofi. Nilipoweka kisu cha kumi mezani, Taratibu alikuwa anapangusa cha tatu. Nilitamani sana kumwambia pole, kaka yangu, na nikamwambia.

Mpishi mkuu akavaa miwani. Akachukua kisu changu kimoja chenye rangi ya njiwa, akakata kitunguu. Safi. Cha pili. Kitunguu cha tatu kikateleza, akakiponda. Akachukua kisu kingine, yakawa yale yale. Akachukua cha Taratibu, akakata vitunguu bila kutazama mpaka bakuli likajaa. Macho yake yakalowa. Nikasema ni vitunguu. Akasema si vitunguu.

Akaniomba nizime injini tuzungumze. Nikamwambia itazimika yenyewe kabla ya chakula cha mchana. Akaomba tena kwa sauti kubwa, nadhani hakunielewa. Nikaanza kumweleza habari za swichi na watengenezaji wasiojali wateja, na kumbe kwa kutetemeka kule stendi ilikuwa inatambaa. Ikafyatuka. Gurudumu likagusa ardhi.

Baiskeli ikaondoka bila mimi.

Nilikimbia hatua nne za goti. Ikaingia kwenye mashuka, ikatoka upande wa pili imevaa mawili, ikanyooka na njia kama bibi harusi aliyeachwa na gari. Madirishani walikuwa wanashangilia, watu waliolazwa! Ikaelekea langoni. Na langoni, wakati huo huo, anaingia mama mkwe na kikapu kitupu.

Kumbe mboga zake anaziuza kwenye jiko hili hili. Alikuja kumwomba radhi mpishi mkuu kwamba wiki hii hana kitu, bustani imekauka. Akasogea pembeni, baiskeli ikampita. Hakushangaa mashuka. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema kikohozi kile anakijua.

Ilitumbukia kwenye shimo la maganda nyuma ya lango na kuendelea kunguruma humo, inarusha maganda ya viazi, hadi saa sita na nusu. Muda wote huo mama mkwe alisimama ukingoni na kikapu chake. Ilipozimika akageuka. Hakuniita mwanangu. Aliniita wewe bwana.

Kazi amepewa Taratibu.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Kikao. Mama mkwe kwenye kiti kizuri, mke wangu kwenye mkeka, mimi mlangoni kama mdaiwa wa kodi. Mama mkwe akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamjibu kwa adabu kwamba masikio yangu hayana tatizo, tatizo ni goti. Mke wangu akafunika uso na kanga, mabega yanatikisika. Mpaka sasa sijui alikuwa analia au anacheka. Nadhani vyote.

Hukumu: injini itakaa kwa fundi wa kweli hadi ipone, na mpaka siku hiyo nitamwagilia matuta kumi na manne kwa ndoo. Asubuhi na jioni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema. Na mtu ambaye goti haliinami je? Hilo wahenga hawakulifikiria.

Halafu akasema jambo ambalo ningependa asingelisema. Mpishi mkuu alimweleza jana pale ukingoni mwa shimo. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa! Tangu wiki iliyopita, kwa wino. Kumbe visu ambavyo wasaidizi wake walikuwa wakininolesha mitaani vilimkalia na makali wiki tatu, vya Taratibu siku kumi. Alimwambia mama mkwe kwamba mkono wangu hauna haraka. Jumamosi ilikuwa ya kumwekea Taratibu heshima tu, asijione ametupwa. Nilichotakiwa kufanya ni kuja na miguu yangu na kunoa kama siku zote, hata visu vitatu.

Sasa kwa nini mtu hakuniambia? Wanamfanyia mtu siri ya mambo mazuri! Angeniambia tu, bwana, umeshapata, njoo taratibu! Huu ni unyama!

Naandika hapa kwa sababu hapa hapasomwi. Imeniuma. Nilikaa ukingo wa kitanda nikatazama mikono yangu, hii ambayo haina haraka, na nikashindwa kula.

Jumanne, tarehe 11 Februari

Ndoo ya arobaini na ngapi sijui. Mama mkwe anakaa kivulini ananionyesha tuta nililoliruka.

Taratibu amekuja huko huko bustanini. Nilidhani amekuja kunicheka, nikaweka ndoo chini ili nikasirike vizuri. Akakaa kwenye jiwe, akavua kofia. Akasema kazi imemshinda. Jana ilikuwa siku yake ya kwanza, akanoa visu arobaini na mpishi mkuu akamrudishia kumi na saba. Miguu anayo, akasema, angeweza kukanyaga hadi mwezi ujao. Macho ndiyo yamekwisha. Ukingo wa kisu hauoni tena, anaukisia kwa pua na kidole gumba. Akanionyesha kidole. Kina plasta nne.

Basi akatoa wazo lake. Yeye akae kwenye tandiko akanyage, mimi nikae kwenye kigoda mbele ya jiwe nishike visu. Miguu yake, mikono yangu. Mpishi mkuu ameshakubali, kwa sharti moja: chombo chochote chenye tangi kisivuke lango.

Nilimwambia sihitaji huruma ya mtu. Nilimwambia nina mipango yangu. Nilimwambia miaka ishirini na miwili sijawahi kukanyagiwa na mtu kama mtoto kwenye bembea. Mama mkwe kutoka kivulini akauliza nimeanza lini kukataa riziki kwenye shamba lake. Nikasema nitafikiri. Nikafikiri kiasi cha ndoo mbili, nikakubali.

Mke wangu amelia. Safari hii nina hakika.

Jumatatu, tarehe 17 Februari

Siku ya kwanza kazini. Paa lipo! Kivuli kipo, kigoda kina mgongo, na saa nne walituletea chai bila kuombwa. Visu arobaini, mapanga mawili. Hakuna kilichorudishwa hata kimoja. Mpishi mkuu alikata kitunguu, akafumba macho, akasema eeh, hivyo ndivyo. Goti halikutamka neno siku nzima. Mama mkwe alipita na kikapu cha mboga zangu, ziite zake, akasema habari za kazi, mwanangu. Mara ya nne!

Sina cha kulalamikia isipokuwa mwendo. Taratibu anakanyaga kama anasindikiza maiti. Tumemaliza saa tisa, wakati kichwa changu kilikuwa kimemaliza saa tano. Kila nikimwambia aongeze anajibu neno lake lile, na anasimulia habari za wajukuu, wote sita, kwa zamu.

Nilipokwenda kurudisha visu stoo niliona kitu. Nyuma ya magunia ya unga kuna mashine kuukuu ya kukandia unga. Bakuli limetoboka, lakini mota yake ni nzima kabisa. Ya umeme. Haina tangi! Sharti lilisema tangi, umeme halikuutaja, na mimi ni mtu wa kufuata masharti. Nikauliza kwa kupita tu kama waya unaweza kufika uani. Unafika.

Mota inatakiwa ikae pale pale kwenye tandiko, basi. Kwa hiyo kabla hatujaondoka nilichukua kamba nikaanza kupima, urefu na upana. Taratibu akasikia nahangaika nyuma yake, akauliza napima nini. Nikamwambia napima kiti chake, nataka kumshonea mto.

Amenishukuru mara mbili.